Barua ya wazi kwa watengenezaji wa michezo ya risasi: mchezo uendelee hata umeme ukikatika

Katuba, Lubumbashi, Kongo

Kwa wakubwa wa studio zinazotengeneza michezo mikubwa ya risasi, na kwa wakubwa wa makampuni yanayouza konsoli za mkononi.

Jambo yenu, wakubwa.

Mimi ni fundi wa Katuba. Kibanda changu kinatazama barabara, na mlango wake wa nyuma unaingia kwenye lupangu la familia. Asubuhi natengeneza simu, mchana maneti (vile vidhibiti vya kushika mkononi) na konsoli, na kuanzia saa kumi jioni vijana wa mtaa wanakuja kukaa kwenye benchi zangu mbili kucheza. Nina konsoli nne za mkononi. Zote nilizinunua zikiwa zimekufa, nikazifufua mwenyewe: moja skrini ilipasuka, moja iliingia maji, mbili betri zilivimba. Huu ni mwaka wa kumi na mbili nafanya kazi hii, na nimefungua karibu kila aina ya mashine ya mkononi iliyovuka Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia, ndani ya sanduku la mfanyabiashara.

Nawaandikia kwa sababu nakipenda mnachokitengeneza, na kwa sababu mnakitengeneza kana kwamba sisi hatupo.

Hapa kwetu umeme unakatika. Siku nyingine saa mbili, siku nyingine usiku kucha, na kuna mitaa inayoupata kwa zamu. Sale, yaani ukumbi wa michezo, yenye televisheni sita na konsoli kubwa sita inageuka chumba cha giza mara moja, isipokuwa mwenye nayo awe na jenereta na hela ya mafuta. Vijana wanatoka, wanavuka barabara, wanakuja kwangu. Mashine ya mkononi iliyojaa chaji haina habari kama umeme umekwenda. Ndiyo maana kwetu haikuwa kamwe mashine ya pili, ile ya kubeba safarini wakati kubwa imebaki sebuleni. Kwa vijana wengi wa Katuba, Kenya na Kamalondo, komini (sehemu) za mji wetu, hiyo ndiyo mashine ya kwanza, na pengine ndiyo pekee watakayoishika.

Niwaeleze jioni moja. Ilikuwa Jumamosi ya kiangazi, vumbi jekundu limejaa hewani, umeme umekwenda tangu saa sita mchana. Mwanafunzi mmoja wa sekondari alikuja na mchezo mpya wa risasi aliouletewa na mjomba wake. Kadi ilikuwa na sehemu tu ya mchezo, nyingine ilibidi aipakue, kwa hiyo alikuwa ameweka akiba ya mega, yaani data ya simu, kwa majuma mawili na kukesha usiku, wakati intaneti ni rahisi. Tulimzunguka watu saba. Mchezo ukafunguka, muziki ukaanza, picha zikawa nzuri kuliko tulivyotazamia. Hakutaka kupigana na watu wa mbali. Alitaka hadithi, ile sehemu ya kucheza peke yako. Skrini ikasimama. Akanigeukia: "Papa fundi, iko naomba rezo," yaani mchezo unaomba mtandao. Mnara wa simu wa upande wetu ulikuwa umezimika pamoja na umeme. Tukajaribu simu tatu, za mitandao tofauti. Saa nzima ikapita. Akaizima mashine, akaitia mfukoni, betri ikiwa bado na asilimia 91.

Asilimia hizo 91 ndizo zilizonitia kalamu mkononi.

Najua kazi yenu ni ngumu, maana humo ndani ya mashine naingia kila siku na naona nafasi ilivyo finyu. PlayStation 5 ikichezesha mchezo mzito inakula kama wati 200, na bati lake la kupozea linajaza mikono miwili. Steam Deck, konsoli ya mkononi ambayo kampuni ya Valve iliitoa Februari 2022, ina chipu iliyopangiwa kula kati ya wati 4 na 15, na betri yake ya kwanza ilikuwa ya wati-saa 40. Mashine nzima, pamoja na skrini na feni, ikila wati 20, saa mbili zikipita imezima. Na katika michezo yote, wa risasi ndio mlafi, kwa sababu haupumziki. Mchezo wa karata unaweza kuchora picha moja ukasubiri. Mchezo wa risasi unachora dunia upya kila mchezaji anapogeuza shingo, na lazima uichore upesi, maana adui yuko nyuma yake.

Joto la kazi hiyo yote linatokea karibu na viganja. Kwetu kuanzia Mei hadi Septemba mvua hainyeshi, na feni hizo ndogo zinavuta vumbi siku nzima. Nikifungua mashine mwezi wa nane nakuta mapezi ya shaba yamezibwa kabisa, vumbi limeshikamana kama kipande cha blanketi. Chipu ikihisi joto limepanda inajipunguzia kasi, na mchezo unaanza kukwama pale pale mapigano yanapochacha. Mchezaji anakufa kwa sababu ya vumbi, halafu anadhani ni yeye asiyejua kulenga. Nawaomba wakubwa wa makampuni ya konsoli mtuwekee kifuniko cha feni kinachofunguka kwa bisibisi ya kawaida, bila gundi. Jambo hilo dogo lingeokoa mashine nyingi za hapa kuliko chipu yoyote mpya. Shaba ya mapezi hayo na kobalti ya betri hizo sisi tunazijua zikiwa bado mawe. Sehemu kubwa kabisa ya kobalti ya dunia inatoka upande wetu huu, na malori ya madini yanapita mjini kwetu usiku na mchana yakielekea mpakani.

Kwamba mchezo mkubwa wa risasi unaweza kuingia kwenye mashine ndogo, mimi niliamini mwaka 2017. Nintendo walikuwa wametoa Switch, konsoli ya mkononi inayochomekwa pia kwenye televisheni, mwezi wa tatu: RAM ya gigabaiti 4, nusu ya ile ya PlayStation 4, na chipu ya Tegra X1 ambayo ukiichomoa mashine kwenye kituo chake cha televisheni inapunguzwa kasi ili betri isife mapema. Novemba ya mwaka huo huo, studio ya Panic Button ya Austin, Texas, ikaleta Doom ya 2016. Kwenye konsoli kubwa Doom hiyo inatoa picha 60 kwa sekunde. Kwenye Switch waliikata ikawa 30. Piksele wakaziacha zipande na kushuka kadiri chumba kinavyojaa maadui, hivyo vita vikichacha picha inaingia ukungu kidogo, vikitulia inasafika. Mwaka 2018 wakaleta Wolfenstein II, na Desemba 2020 Doom Eternal. Mimi ukungu ule niliupokea kwa mikono miwili, kwa sababu niliona waliofanya kazi wamekaa chini wakachagua: hiki tukitoe, hiki kibaki, lakini mchezo wenyewe usiguswe. Bunduki ilikuwa na uzito ule ule. Maadui walikuwa na hasira ile ile.

Najua pia 30 ina gharama. Kati ya picha moja na inayofuata zinapita milisekunde 33, na kwenye 60 ni karibu 17. Jicho linaweza kusamehe tofauti hiyo, kidole gumba hakisamehi. Lakini kati ya hizo mbili kuna mahali pazuri ambapo wengi wenu mmeparuka. Mwaka 2022 Valve waliruhusu skrini ya Steam Deck ishuke hadi mara 40 kwa sekunde. Picha 40 zinakupa milisekunde 25, katikati kabisa ya 33 na 17. Mteja mmoja aliniachia mashine ya aina hiyo kwa juma zima nimbadilishie kitufe, akaniruhusu niijaribu. Niliiweka 40, nikawapa vijana bila kusema neno. Hakuna aliyelalamika, na betri ikafika mwisho wa jioni. Tangu siku hiyo, kila mchezo wa risasi ninaoufungua kwenye mashine ya mkononi, kitu cha kwanza kutafuta kwenye menyu ni 40. Mara nyingi sikioni.

Kuna neno moja nalisikia sana, kwamba mashine ndogo ndiyo inayowashinda. Siwezi kulikubali, na sababu yangu ni PlayStation Vita. Ilitoka Japani Desemba 2011, ikiwa na vijiti viwili vya kweli na skrini ya inchi 5. Mwaka 2012 ikapata Call of Duty: Black Ops Declassified. Hadithi yake ungeweza kuimaliza kwa muda wa saa moja hivi, na wachambuzi waliiponda. Mwaka 2013 ikapata Killzone: Mercenary, kutoka Guerrilla Cambridge. Hawa walichukua injini, yaani programu ya msingi, ya Killzone 3, mchezo wa sebuleni, wakaishusha kwenye mashine ile, kisha wakakata misheni zao kwa kipimo cha mtu anayengoja basi. Ukimaliza misheni unarudi kuicheza kwa mkataba mwingine, mara hii kimyakimya, mara hii kwa kulipua kila kitu. Mpaka leo nina nakala yake, na inapigwa zamu. Chipu, betri, vijiti na skrini ni vile vile kwa michezo yote miwili. Kilichobadilika ni watu waliokaa mezani na muda waliopewa.

Jambo hilo hilo limejirudia kwenye simu juzi juzi. Call of Duty: Mobile ilitoka Oktoba 2019, ikiwa imetengenezwa na studio ya TiMi tangu mwanzo kwa ajili ya simu, na hapa mtaani bado inachezwa kila siku, hata kwenye simu ambazo kioo chake nimeshakibadilisha mara mbili. Warzone Mobile ilikuja Machi 2024, ikitaka kubeba vita vya konsoli kubwa jinsi vilivyo na kuvitia mfukoni. Ilipofika Mei 2025 ilikuwa imeondolewa madukani.

Sasa vidole. Mashine yangu ya kwanza kuifufua ilikuwa PSP, ile iliyotoka Japani mwaka 2004. Ilikuwa na kijiti kimoja tu, cha kushoto, wakati mchezo wa risasi unataka viwili: kimoja cha kutembea, kimoja cha kutazama. Basi kutazama kukawekwa kwenye vitufe vinne vya kulia, na sisi tukajifunza kulenga kwa kubonyeza, tap, tap, tap, kama mtu anayepiga taipureta. Nintendo DS ya mwaka ule ule haikuwa na kijiti hata kimoja. Metroid Prime Hunters ya 2006 ikampa mchezaji kalamu alenge kwenye skrini ya mguso. Mkono ulichoka, lakini risasi zilifika. Leo vijiti ni viwili kila mahali, ila vifupi. Kijiti kirefu cha maneti kubwa kinampa kidole gumba nafasi ya kusogea kidogo kidogo, lakini hiki kifupi ukikigusa umeshageuka nusu chumba. Tena kinachakaa. Chini yake kuna njia nyembamba za kaboni zinazosuguliwa kila unaposogeza, na siku moja shujaa anaanza kutembea peke yake kuelekea ukutani. Nabadilisha vijiti vya namna hiyo kila juma. Vijiti vya sumaku, ambavyo ndani yake sehemu za kupimia hazigusani, vipo. Viwekeni.

Na dawa ya kulenga iko tayari ndani ya mashine nyingi, inalala tu: kihisi cha mwendo. Kijiti kikugeuze, mikono imalizie ule upana wa unywele uliobaki. Doom ya Switch iliongezewa uwezo huo baadaye kwa sasisho, na kwenye benchi langu kila mtu aliona tofauti siku ya kwanza. Switch 2, iliyotoka 5 Juni 2025, inakwenda mbali zaidi: maneti yake, Joy-Con 2, ukiilaza kwa ubavu inakuwa kipanya cha kompyuta. Mimi sina meza ya wachezaji, lakini paja la mtu linatosha. Msiyafanye mambo haya kuwa pambo la ukurasa wa tatu wa menyu. Yawekeni mbele, na mumfundishe mchezaji kuyatumia katika misheni ya kwanza.

PSP hiyo hiyo ilinifundisha kitu ambacho leo nakikosa kuliko vyote. Medal of Honor: Heroes ya 2006 iliruhusu watu hadi 8 kupigana kwa mawimbi ya mashine zenyewe, mmoja amekaa kando ya mwingine, bila intaneti, bila akaunti, bila seva, zile kompyuta za mbali zinazoendesha mchezo. Umeme ukiwa umekatika mji mzima, sisi tulikuwa na vita yetu kamili chini ya mwembe, na kelele zilizofanya mama wa jirani atoke na mwiko. Splatoon 2 ya mwaka 2017 ilithibitisha kwamba jambo hili halijapitwa na wakati: mchezo wa risasi za rangi, picha 60 kwa sekunde, kulenga kwa mwendo, na watu 8 kila mmoja na mashine yake chumba kimoja. Ulitengenezwa na watu waliojua mashine itashikwa na mikono. Lakini michezo mingi mikubwa ya risasi ninayoletewa haimwoni aliyekaa kando yako. Vijana wawili wanagusana viwiko, na ili mmoja amwone mwenzake ndani ya mchezo, habari lazima itoke Katuba iende kwenye seva ya mbali irudi Katuba.

Na umbali huo unauma. Kutoka Lubumbashi hadi Johannesburg, ukipima moja kwa moja, ni kama kilometa 1,600. Hadi Frankfurt ni kama 7,100. Nuru ndani ya kioo cha faiba inakwenda kama kilometa 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi Johannesburg haiwezi kupungua milisekunde 16, na Frankfurt haiwezi kupungua 71, hata kama nyaya zingenyooka kama kamba ya mwashi. Hazinyooki. Ongeza antena ya simu, ongeza watu wanaogombea antena hiyo hiyo saa moja jioni, na kijana wangu anapigwa risasi akiwa ameshajificha nyuma ya ukuta. Anaona ukuta. Seva bado inamwona mlangoni. Microsoft walifungua vituo vyao vya data Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, na Amazon wakafungua Cape Town mwaka 2020. Majengo yapo, mashine zinakodishwa kwa saa. Kuna michezo inayozitumia, na mchezaji wa hapa anajua tofauti ndani ya dakika moja. Kuna mingine inayotupeleka Ulaya mpaka leo.

Ukubwa wa michezo nao ni mzigo. Call of Duty: Modern Warfare ya 2019 ilivimba ikapita gigabaiti 200 kwenye kompyuta. Tuchukue nusu yake, 100, na intaneti ya megabiti 5 kwa sekunde, ambayo hapa ni siku njema: ni zaidi ya saa 44 za kupakua, bila kukatika hata mara moja. Na kinachopakuliwa ni nini? Skrini ya Steam Deck ina piksele 1280 kwa 800, lakini inalazimika kupokea kuta, mawe na mavazi yaliyochorwa kwa ajili ya televisheni ya 4K. Ni kama kumtumia mtu shela la harusi afutie meza. Tengenezeni kifurushi cha mkononi, chenye picha za kiasi cha skrini hiyo, na lugha moja ya sauti badala ya kumi.

Upande wa kadi, Doom ya Switch iliuzwa na hadithi ndani ya kadi, na sehemu ya kupigana na wengine ikabaki ya kupakua. Huo niliuona mgao wa haki: anayehitaji intaneti ndiye anayepakua. Doom Eternal haikupata kadi kabisa. Sasa kwenye Switch 2 kuna kadi ambazo ndani yake hamna mchezo, ni ufunguo tu wa kukuruhusu upakue. Nani alisema haiwezekani vinginevyo? CD Projekt walitoa Cyberpunk 2077 siku ile ile Switch 2 ilipotoka, mchezo mzito kuliko mingi, wakautia wote kwenye kadi ya gigabaiti 64. Kadi kamili hapa kwetu ina maisha marefu. Inanunuliwa, inakopeshwa, inauzwa tena, inafika mji wa Likasi kwa binamu, inarudi. Kadi ya ufunguo inaishia kwa mtu mwenye mega.

Nimefika kwenye jambo linalonitia hofu zaidi. Februari 2023 Microsoft na Nintendo walitia saini mkataba wa miaka 10 wa kuleta Call of Duty kwenye mashine za Nintendo, na baadaye mwaka huo Microsoft wakaimiliki Activision, kampuni yenye Call of Duty. Nilifurahi. Kisha Oktoba 2024 ikatoka Black Ops 6, ikitaka intaneti hata katika hadithi ya peke yako, kwa maelezo kwamba sehemu ya picha zake zinaletwa kutoka kwenye mtandao wakati unacheza, ili diski isijae. Naelewa nia ya kupunguza mzigo wa diski, nimetoka kuulalamikia mwenyewe. Lakini mzigo mmeutoa kwenye diski mkaupakia kwenye rezo, na rezo ndicho kitu ambacho mashine ya mkononi iliumbwa isikitegemee. Mtu aliye kwenye treni hana. Mtu aliye kwenye ndege hana. Mtu aliye Katuba siku umeme umekwenda hana. Mkiuleta mfululizo huo kwenye mashine za mkononi kwa sharti hilo hilo, mtakuwa mmetuletea televisheni yenye kamba fupi.

Kuhusu wadanganyifu, nawaunga mkono. Mtu anayeona kupitia ukuta anaharibu jioni ya watu wengine, na nimeshamfukuza mmoja kwenye benchi langu. Lakini angalieni dawa mnayoitumia. Programu zenu za kuzuia udanganyifu zinaingia hadi kwenye kiini cha mfumo wa Windows, na Steam Deck inaendeshwa na Linux, kwa hiyo mlango unafungwa. Tarehe 31 Oktoba 2024 Apex Legends, iliyokuwa ikicheza vizuri kwenye mashine hiyo, iliwafungia wote wa Linux siku moja, wema na wabaya pamoja. Battlefield 6 ya Oktoba 2025 haiendeshwi kwenye Steam Deck kabisa. Mngeweza kutupa ukumbi wetu, wa mkononi dhidi ya mkononi, mkatuchunguza kutoka kwenye seva zenu. Na anayecheza peke yake na roboti za mchezo anamdanganya nani?

Maandishi, kwa ufupi: yakuzeni. Herufi zilizopimwa kwa televisheni ya inchi 55 zikishushwa hadi inchi 7 zinakuwa mchwa. Wateja wangu wenye umri wa kuvaa miwani wanaachana na mchezo kabla ya risasi ya kwanza.

Kabla hamjatoa mchezo unaofuata, nawaomba jaribio moja, halihitaji maabara. Chukueni mashine iliyojaa chaji. Zimeni Wi-Fi. Tokeni nje saa nane mchana, mkae kwenye benchi watu watatu, kila mmoja na mashine yake, juani, siyo kwenye chumba chenye kiyoyozi. Chezeni hadithi kwa saa moja, kisha pambaneni ninyi watatu kwa saa nyingine. Andikeni kila mahali mchezo unapowakatalia, na mkarekebishe hapo. Mkikosa benchi, zangu ziko barabarani, karibuni.

Yule kijana bado anakuja. Umeme ukirudi na mnara ukiamka, anasonga misheni moja, akibahatika mbili, halafu anasubiri tena. Tangu kiangazi kile amefika misheni ya tano.

Wenu,
Fundi wa konsoli, komini ya Katuba, Lubumbashi